Furahini: Amri Hii Ni ya Nani?

Soma kwa ajili ya somo hili: 1 Wafalme 19:1–18, Wafilipi 2:25–30, 4:1–9, Warumi 12:15, Mwanzo 4:3–8.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu wa darasa la watu wazima, dada mmoja wa darasa letu alijifungua mtoto wake wa pili. Tulimshukuru Mungu pamoja naye, na akina mama wa Dorkasi wakampelekea uji na kuni. Aliporudi kanisani baada ya wiki kadhaa alikuwa amebadilika. Aliketi benchi la mwisho. Mtoto alilia naye hakushtuka, na katikati ya wimbo machozi yalimtoka bila sauti. Baada ya ibada nilimfuata nje. Nikamwambia, kwa upole kama nilivyodhani, kwamba Mkristo aliyepewa zawadi kama ile hana sababu ya kulia, na kwamba Paulo akiwa kifungoni alituagiza tufurahi siku zote. Akajibu, “Asante, mwalimu.” Sabato iliyofuata alikuja akitabasamu. Aliendelea kutabasamu kwa miezi mitano, nami nikalihesabu jambo lile kuwa jibu la maombi.

Ni baada ya kupata matibabu ndipo tuliposikia kwamba miezi ile yote alikuwa halali usiku, na kwamba zilikuwapo siku alizoogopa kubaki peke yake na mtoto. Nilikwenda kumtaka radhi. Hakunilaumu. Alisema tu, “Mwalimu, ulinifundisha kutabasamu, nami nikatabasamu.”

Tangu siku ile sijaweza kuisoma Wafilipi 4:4 kwa haraka. Mtu anaweza kuamriwa alipe deni, aache kusengenya, au aende kumtazama mgonjwa. Je, anaweza kuamriwa afurahi? Na asipofurahi, ametenda dhambi? Wako wanaojibu kwamba imani ya kweli haina huzuni. Wengine husema kwamba hisia hazina uhusiano wowote na utii, kwa hiyo tuachane nazo. Naona majibu yote mawili yanakimbia kazi.

Tuanze na jinsi Muumba alivyotuumba. Unatembea jioni, unaona kitu kirefu kimejikunja njiani. Mguu umekwisha kuruka kabla hujajua kwamba ni kamba. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo hupokea habari za hatari na kuuamsha mwili kabla fikra hazijamaliza kupima jambo. Moyo unapiga mbio, mikono inatoka jasho, homoni za dharura zinamwagika katika damu. Joseph LeDoux, mtafiti wa Marekani, alitumia miaka mingi kuifuatilia njia hiyo ya hofu katika ubongo wa wanyama. Hakuna anayeichagua hofu ile, imefika yenyewe. Hasira nayo ina ufikaji wake, na huzuni vilevile.

Ukisoma Mwanzo 4:6, 7 utaona kwamba Mungu alizungumza na Kaini wakati uso wake umekwisha kukunjamana lakini mkono wake haujanyanyuka. Alimwuliza sababu ya ghadhabu yake. Hakumwambia kwamba amekwisha kutenda dhambi kwa kukasirika; alimwonyesha dhambi iliyokuwa ikivizia mlangoni, na akamwambia aishinde. Hasira ilikuwa imeingia ndani, na dhambi bado iko nje. Katikati yao palikuwa na nafasi, na katika nafasi ile Kaini aliwajibika. Basi sisemi kwamba hisia hazina hesabu mbele za Mungu. Nasema hesabu haianzi zinapofika. Inaanza na kile tunachozifanyia.

Na tunazifanyia nini? Wengi wetu tumefundishwa jambo moja tu: kuzificha. Mwaka 1993 James Gross na Robert Levenson walichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa filamu yenye mambo ya kuchukiza. Baadhi yao waliambiwa wasiruhusu chochote kionekane usoni. Waliweza. Nyuso zao zilitulia. Lakini walipoulizwa, chukio lenyewe lilikuwa halijapungua, na baadhi ya vipimo vya mwili vilionyesha mfumo wao wa fahamu ukifanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko wa wale walioachwa huru. Miaka 10 baadaye Emily Butler na wenzake, Gross akiwa mmoja wao, waliwaketisha wanawake wasiofahamiana wawili wawili wazungumzie filamu ya kuhuzunisha waliyoitazama. Katika baadhi ya jozi, mmoja alikuwa ameagizwa afiche hisia zake bila mwenzake kujua. Msukumo wa damu wa yule mwenzake asiyejua lolote ulipanda. Hawakusikilizana vizuri, na hamu ya kufanya urafiki ilipungua.

Nilipolisoma hilo niliwakumbuka watu wa darasa langu. Tunapeana mikono mlangoni. “Sabato njema! Hujambo?” “Sijambo, namshukuru Bwana.” Usiniambie kwamba wote ni wazima. Tumelifanya neno la shukrani kuwa pazia, na anayeketi nyuma ya pazia anachoka, na anayeketi mbele yake anachoka pia bila kujua sababu.

Sasa turudi kwa Paulo, maana mimi nilimtumia vibaya. Yeye aliyeandika amri ya kufurahi katika sura ya 4 ndiye aliyeandika 2:25–30. Hapo anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu na kufa. Anakiri kwamba kama ndugu huyo angekufa, yeye Paulo angepatwa na huzuni juu ya huzuni. Na kwamba anamrudisha Filipi ili wao wafurahi na yeye huzuni yake ipungue. Ipungue, si iishe! Mtume hajifichi. Kuhusu Epafrodito mwenyewe anasema alikuwa na fadhaa kubwa aliposikia kwamba ndugu wa nyumbani wamepata habari za ugonjwa wake. Neno la Kiyunani lililotumika hapo linaonekana mahali pengine pawili tu katika Agano Jipya, Mathayo 26:37 na Marko 14:33, na pote pawili ni Mwokozi katika bustani ya Gethsemane. Hivyo katika barua hiyohiyo tunayoiita barua ya furaha yumo mtumishi mwaminifu mwenye fadhaa ya Gethsemane. Paulo hamkemei. Anaagiza apokewe kwa furaha na aheshimiwe.

Angalia tena neno lenyewe. Kiswahili chetu kinalionyesha vizuri kama Kiyunani. Paulo hakuandika “furahi.” Aliandika “furahini.” Hiyo “-ni” mwishoni ndiyo niliyoiruka siku ile nje ya kanisa. Amri ilitolewa kwa kusanyiko zima. Kusanyiko lililokuwa na ugomvi, kwa maana mistari miwili tu kabla yake Euodia na Sintike wanasihiwa wapatane, na mtu mwingine anaombwa awasaidie. Mimi niliichukua amri ya wengi nikamtwika mtu mmoja, tena mtu aliyekuwa mgonjwa, kisha nikaenda nyumbani kula.

Mtu anaweza kusema kwamba nacheza na sarufi, kwa sababu amri ya wengi inamhusu pia kila mmoja. Ni kweli, inamhusu. Lakini tazama Warumi 12:15, ambapo amri ni mbili: kufurahi pamoja na wenye furaha, na kulia pamoja na wanaolia. Zote mbili ni za wingi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kuagizwa kufurahi. Juu ya kuagizwa kulia sijasikia hata matano. Kama anayelia hajapata wa kulia naye, aliyevunja amri katika kanisa lile ni nani?

Nadhani mahali pa kujifunzia utii wa namna hii ni chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwenye ushindi wa Karmeli. Yezebeli ametuma neno moja tu, naye amekimbia, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, amekwenda mwendo wa siku moja jangwani peke yake, na ameomba afe. Ukiwa na dakika tano darasani, waombe wanafunzi wataje kwa mpangilio kile ambacho Mungu alifanya. Aliachwa alale. Malaika alimgusa. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala, na malaika akakiri kwamba safari ilikuwa imemzidi nguvu. Kisha mwendo mrefu wa miguu hadi Horebu. Ndipo likaja swali, na likaulizwa mara mbili, na mara zote mbili akaruhusiwa kumwaga yote yaliyokuwa moyoni ingawa maneno yake hayakuwa sahihi, kwa sababu alijiona amebaki peke yake wakati wapo 7,000. Masahihisho yalikuja mwishoni kabisa, pamoja na kazi mpya na mwenzi wa kazi, Elisha. Hakuna mahali alipoambiwa, “Nabii mzima unasema maneno kama hayo?”

Mpangilio ule ni muhimu. Sisi huanza na masahihisho. Tukipata nafasi tunapeleka mkate.

Katika historia ya kanisa letu kuna kisa ambacho ningependa kila darasa likijue. Tarehe 16 Agosti 1865 mzee James White alipatwa na kiharusi kule Battle Creek, Michigan. Alipelekwa katika kituo cha tiba ya maji huko Dansville, New York. Ushauri wa pale ulikuwa apumzike kabisa, na hata mambo ya dini yapunguzwe yasije yakamsisimua. Wiki zikapita, naye akazidi kukata tamaa. Mkewe, Ellen White, aliona kwamba mtu aliyezoea kazi na sala hawezi kuponywa kwa kunyimwa vyote viwili, akamwondoa mwezi Desemba. Ndugu wengi hawakulipenda jambo hilo.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata walikuwa kaskazini mwa Michigan. Asubuhi moja theluji nyingi ilikuwa imeanguka, na mgonjwa akasema hawezi kutoka kutembea. Mama White aliazima mabuti makubwa ya ndugu mmoja, akatoka, akatembea robo maili ndani ya theluji ile nzito, akarudi. Akamwambia mumewe kwamba bila shaka anaweza kukanyaga katika nyayo zake. Akaenda. Baadaye, wakiwa shambani kwao Greenville, nyasi zilipokuwa tayari kukusanywa na mumewe akitaka kuwaita majirani, alitangulia kuwaomba majirani wakatae. Kisha wakazikusanya wenyewe, yeye mama akishika uma wa nyasi na kupakia gari. James White alirudi kazini na aliishi hadi mwaka 1881.

Tusikigeuze kisa hiki kuwa fimbo ya kumpigia mgonjwa: “Amka ulime, utapona.” Kiharusi si sonona, ingawa huzuni nzito hufuatana nacho mara nyingi, na hakuna dawa moja ya watu wote. Hata hivyo utafiti wa siku hizi unaelekea upande huo. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke waliwagawa watu 156 wenye sonona, wote wenye umri wa miaka 50 na zaidi, katika makundi matatu: mazoezi ya mwili, dawa, au vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa waliotumia dawa walianza kuiona mapema. Lakini linalonigusa mimi ni mabuti yale. Mama White hakusimama mlangoni akatoa amri. Alitangulia kukanyaga, miguu yake ikapata baridi kwanza.

Na si lazima uwe daktari. Kule Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza kijana mmoja aliyekuwa akimtibu. Binti huyo alijiua. Jamaa zake walikuwa wamekosa nauli ya basi, dola 15, ya kumfikisha hospitalini. Madaktari wa akili katika nchi ile walikuwa wachache mno. Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Zahanati haikuwa na chumba, hivyo waliketi nje, juu ya benchi la mbao. Bibi alimsikiliza mtu, akamsaidia kuchagua tatizo moja miongoni mwa mengi, wakatafuta pamoja hatua ya kulikabili, na wiki iliyofuata wakaonana tena. Hawakutumia neno la kitaalamu. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi husema “ana mawazo,” na kila mtu anaelewa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 baada ya kufuatilia watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, miongoni mwa walioketi na mabibi, takribani 14 kati ya 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa takribani 50 kati ya 100. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Ninapoyatazama makanisa yetu, kitu ambacho hatujapungukiwa ni mabenchi na mabibi.

Kuna mambo machache ambayo mwalimu wa darasa hana budi kuyajua, nami nayaandika kwa sababu sikuyajua. Huzuni ya msiba, hata ikiwa kali, si lazima iwe ugonjwa. Lakini mtu anapokuwa na huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vimevurugika, nguvu zimeisha, anajilaumu bila kipimo, huyo aonane na mhudumu wa afya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupatwa na tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Yule dada wa benchi la mwisho hakuwa kioja.

Akiandikiwa dawa, usimwambie aziache kwa sababu amepakwa mafuta. Mungu alipomponya Hezekia baada ya maombi na machozi, Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7), na hakuna aliyeona kwamba tini zile zilipunguza utukufu wa muujiza. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hazijafanya kazi, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta madhara. Acha pia ule mzaha wa “huyu wa kupelekwa Mirembe.” Anayehitaji kwenda hospitali anausikia, na anaamua kutokwenda.

Na mtu akisema amechoka kuishi, usibadilishe mazungumzo. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo. Utafiti haujaonyesha hivyo, na mara nyingi mwulizwaji hupata nafuu kwa kuwa hatimaye mtu amelitamka. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu za shambani na dawa za kulevya usingizi, na mfikishe hospitalini siku ileile. Eliya aliomba kufa, na yule aliyeomba hivyo ndiye ambaye baadaye alichukuliwa mbinguni bila kuonja mauti (2 Wafalme 2:11). Malaika aliyeleta mkate siku ile hakufika kesho yake.

Kila Sabato katibu wa darasa hujaza kadi: waliohudhuria, wageni, waliojifunza lesoni kila siku. Majina ya wasiofika huachwa wazi. Darasa letu siku hizi lina utaratibu mdogo. Kabla ya kufungua lesoni tunayasoma majina yale yaliyoachwa wazi, na wawili wanapewa kazi ya kwenda kwa mmoja wao alasiri ile, wakiwa na chakula kwenye hotipoti. Wameagizwa wasihubiri. Mara ya kwanza mzee mmoja aliniuliza watakwenda kusema nini. Nikamwambia waulize tu kama amelala na kama amekula, kisha wakae.

Kwa mazungumzo ya darasa: Ndugu anasema, “Sijisikii kuomba, wala sihisi kwamba Mungu yupo.” Je, mtamwambia aombe hivyo hivyo, au mtaomba kwa niaba yake mpaka aweze? Je, kuna furaha inayoweza kukaa ndani ya mtu pamoja na huzuni, kama ilivyokuwa kwa Paulo, na mngeitambuaje? Na katika darasa lenu, nani amekuwa akitabasamu sana siku hizi?